Maswali ya Wasomaji: Foleni ya Intaneti Ikae Kwenye Ruta Yako

Barua za safari hii kutoka Nyanda za Juu Kusini karibu zote zina kilio kimoja: laini ni moja, watumiaji ni wengi, na mmoja akianza kushusha mafaili makubwa wengine wanakwama. Tumeanza na barua ya hosteli kwa sababu jibu lake linabeba msingi wa majibu yanayofuata.

Habari za kazi. Nina hosteli ya wanafunzi 46 Iyunga, Mbeya. Nimelipia laini ya Mbps 20 na ruta ni ya MikroTik. Kuanzia saa mbili usiku, wawili watatu wakishusha filamu, wengine hata meseji ya WhatsApp haitoki. Fundi ananiambia nigawe 20 kwa 46, kila mmoja nimfungie kiasi chake. Si wote watalia?
*Mama wa hosteli, Iyunga*

Watalia, mama. Ukigawa 20 kwa 46, kila mwanafunzi anapata kilobiti 430 hivi kwa sekunde, na atabaki na hizo hizo hata saa tano asubuhi, wenzake wakiwa darasani na laini imelala. Unachohitaji ni sheria ya kuwagawia sawa wale wanaotumia kwa wakati huo: wakiwa wanne wapate nyingi, wakiwa arobaini wapate kidogo, na asiwepo wa kumeza fungu la mwenzake. Kwenye MikroTik aina hiyo ya foleni inaitwa PCQ.

Kabla ya kugusa ruta, pima laini. Chomeka kompyuta kwa kebo, zima waifai ili wanafunzi wasiingilie kipimo, upime alfajiri, mchana na saa mbili usiku. Kipimo cha usiku ndicho utakachokitegemea. Tuseme umepata Mbps 19 za kushuka na 5 za kupanda. Chukua asilimia 90: 17 kushuka, 4.5 kupanda.

Utauliza kwa nini uache Mbps 2 ulizolipia. Paketi, yaani vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, zikizidi uwezo wa laini lazima zisubiri mahali fulani. Usipoweka kikomo, zitasubiri kwenye mtambo wa mtoa huduma, na kule hakuna anayejua nani ni nani. Meseji ya kilobaiti mbili inapanga mstari nyuma ya filamu. Kikomo kikikaa chini kidogo ya uwezo wa laini, foleni inahamia ndani ya ruta yako, na ruta yako inafuata sheria uliyoiweka wewe. Ukiweka 20 kamili kwenye laini inayotoa 19, sheria zote utakazoandika hazitafanya kazi, kwa kuwa kwenye ruta foleni haitatokea kabisa. Hili ndilo kosa tunaloliona kwenye nusu ya barua zinazotufikia.

Sasa fungua Winbox, programu ya kupangia ruta za MikroTik, nenda "Queues", kichupo cha "Queue Types". Tengeneza aina mbili za pcq. Ya kwanza iite "shuka", uiwekee alama ya "Dst. Address" peke yake, ya pili iite "panda", alama ya "Src. Address" peke yake. Ukizigeuza, ruta itagawa kasi kwa kuangalia seva za nje badala ya wanafunzi wako, na utadhani PCQ ni mbovu. Kwenye "Rate" ya shuka weka 5M: mwanafunzi hata akiwa peke yake hatavuka Mbps 5. Ukiacha 0, hakuna dari, wagawane tu.

Hapo hapo kuna namba mbili ambazo wengi huziruka. "Limit" ni nafasi ya kusubiria ya kila mtumiaji, kwa kawaida KiB 50, na "Total Limit" ni ya wote, kwa kawaida KiB 2000. Yaani nafasi za vifaa 40 tu. Wanafunzi 46 wenye simu na kompyuta wanafika vifaa 92, na 92 mara 50 ni 4600. Weka Total Limit 4600 au 5000. Usipofanya hivyo, saa ya msongamano ruta itaanza kutupa paketi ovyo na ugawaji wa haki utavurugika usiku ule ule unaouhitaji.

Kisha nenda "Simple Queues", ongeza moja. "Target" iwe anwani za mtandao wako wa ndani, mara nyingi 192.168.88.0/24. "Max Limit" ya Upload iwe 4500k, ya Download iwe 17M. Angalia vizuri, kupanda kunatangulia kushuka, na mafundi wengi huzigeuza. Kwenye "Advanced" chagua panda upande wa Upload na shuka upande wa Download.

Ukimaliza, mwambie mtu mmoja ashushe faili kubwa huku ukitazama mstari wa foleni hiyo. Namba za kasi zikibaki karibu na sifuri wakati faili linashuka kwa nguvu, umekutana na FastTrack. Mipangilio ya kiwandani ya MikroTik ina kanuni hiyo kwenye "IP", "Firewall", "Filter Rules", na kazi yake ni kuzipitisha paketi njia ya mkato isiyogusa foleni. Izime, halafu washa ruta upya ili miunganisho iliyokwisha pita njia hiyo ikatike. Baada ya hapo prosesa itafanya kazi zaidi. Tazama "System", "Resources": ikikaa juu ya asilimia 90 saa za usiku, ruta ni ndogo mno kwa kazi hiyo, na hakuna namba ya kuirekebisha, tafuta kubwa zaidi.

Jaribio la mwisho ni la pingi, yaani muda wa paketi ndogo kwenda na kurudi. Pima pingi laini ikiwa imetulia, uandike milisekunde zake, kisha pima tena watu watatu wakiwa wanashusha. Ikipanda kwa milisekunde 20 au 30, umefanikiwa. Ikiruka kwa 300, kikomo bado kiko juu ya laini. Shusha 17M hadi 16M, pima tena.

Kuna mambo mawili ambayo foleni haiyawezi. PCQ inahesabu vifaa, kwa hiyo mwenye simu mbili na kompyuta ana mafungu matatu. Usijaribu kumzuia kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa, maana simu za sasa hujibadilishia anwani hiyo zenyewe. Tumia vocha za hotspot, "Shared Users" iwe 1, na kikomo kiandikwe kwenye wasifu wa vocha. La pili ni waifai yenyewe. Mwanafunzi wa chumba cha mwisho, kuta nne za tofali za kuchoma kati yake na antena, simu yake inaongea taratibu mno na inashika hewa muda mrefu kwa data ile ile. Wenzake watasubiri hata laini ikiwa tupu. Huyo anatibiwa kwa antena nyingine kwenye korido yake, iliyovutiwa kebo.

Kamwene! Mimi ni fundi wa mtandao kwenye jengo la ofisi Gangilonga, Iringa. Tuna ruta ya Cisco. Mpangaji mmoja amelipia Mbps 10, nikamwekea police ya 10000000 na burst ya 15000 niliyoikuta kwenye mfano mmoja. Akipima anapata 4, mara 6, mara 3. Grafu yake ni kama meno ya msumeno. Mpangaji anasema tunamwibia.
*Fundi, Iringa*

Kamwene, ndugu yetu. Kasi uliyoandika ni sahihi. Kilichomuumiza mpangaji ni ile 15000.

Amri ya police, ile ya kukatia kasi kwenye Cisco, haina foleni. Ina ndoo ya vibali inayojazwa kwa kasi uliyoitaja, na kila paketi inayopita inachota vibali sawa na uzito wake. Ndoo ikikauka, paketi inayofuata inatupwa papo hapo. Burst uliyoandika ndiyo ujazo wa ndoo hiyo. Ndoo ya baiti 15,000 inatosha paketi kumi tu za baiti 1,500, na kwa Mbps 10 huo ni mtiririko wa milisekunde 12. Kompyuta haitumi paketi kwa mpangilio wa tone moja moja; inazitupa kwa mafungu, kisha inasubiri jibu kutoka seva ambayo huenda iko Ulaya, zaidi ya milisekunde mia moja kwenda na kurudi. Fungu likifika, kumi za kwanza zinapita, zilizobaki zinakatwa. TCP, utaratibu unaoongoza utumaji wa data, ikiona zimepotea inapunguza mwendo karibu nusu, inaanza kupanda pole pole, inagonga tena. Ndiyo hayo meno ya msumeno.

Kanuni iliyozoeleka ni kuipa ndoo ujazo wa sekunde moja na nusu: 10,000,000 gawanya kwa 8, zidisha kwa 1.5, unapata 1,875,000. Kumbuka kasi inaandikwa kwa biti na ndoo inaandikwa kwa baiti. Ukisahau kugawa kwa 8, ndoo inakuwa kubwa mara nane na mpangaji ataruka kikomo kwa sekunde kadhaa kila akitulia. Mstari wako uwe hivi:

police cir 10000000 bc 1875000 conform-action transmit exceed-action drop

Hata hivyo, kwa mteja anayelipa, sisi tungeiacha police kabisa tukatumia shape. Shape inaiweka paketi iliyozidi kwenye foleni kidogo badala ya kuitupa, na grafu inanyooka:

policy-map MPANGAJI
class class-default
shape average 10000000

Shape inafanya kazi upande wa kutokea tu. Kwa data inayomshukia mpangaji, ifunge kwenye kiolesura kinachoelekea kwake kwa "service-policy output MPANGAJI". Kwa anayopandisha, fungu lake lipangwe kwenye kiolesura cha kwenda nje, nako kama anwani zinabadilishwa na NAT, inayoficha anwani za ndani nyuma ya moja ya nje, hakikisha unamtambua kwa alama uliyoipachika paketi zilipoingia, maana zikifika kwenye mlango wa nje wapangaji wote wanafanana.

Police ibaki kwa mambo ambayo huna huruma nayo: mafuriko ya pingi, au waifai ya wageni isiyolipiwa.

Nauza intaneti kwa vocha Njombe mjini, Mbps 2 kwa kila mteja. Wateja wanalalamika kurasa zinafunguka taratibu, lakini nikiwapandishia wanashusha video hadi laini inakufa.
*Mfanyabiashara, Njombe*

Wape mwendo wa ghafla wa muda mfupi. MikroTik ina namba tatu za kazi hiyo: "Burst Limit", kasi ya juu ya muda, "Burst Threshold", wastani ukivuka hapo burst inakatika, na "Burst Time", kipindi cha kukokotoa wastani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowadanganya watu. Ukiandika sekunde 32 mteja hapati burst ya sekunde 32. Muda wake halisi, akianza ametulia, ni threshold mara time, gawanya kwa limit.

Kwako: Max Limit 2M, Burst Limit 6M, Threshold 1500k, Time 32. Hesabu ni 1.5 × 32 ÷ 6, sekunde 8. Kwa Mbps 6 sekunde 8 ni megabaiti 6, ukurasa wa habari na picha zake unafunguka wote. Mwenye video anaonja sekunde hizo nane, kisha anarudi kwenye 2 na anabaki pale.

Anabaki pale kwa sharti moja: threshold iwe chini ya Max Limit. Ukiweka 2500k, mtu anayevuta Mbps 2 mfululizo wastani wake utashuka chini ya 2500k, na burst itamrudia tena na tena usiku kucha. Wauzaji wengi wa vocha wamelia "laini imeibiwa" kwa sababu ya namba hii moja.

Gesti yetu ipo Makambako, barabara kuu. Hakuna faiba, tunatumia ruta ya 4G yenye programu ya OpenWrt. Kasi inabadilika: asubuhi 25, usiku 7. Nitaweka kikomo kipi? Na je, nikipunguza kasi ya wageni bando litadumu?
*Meneja wa gesti, Makambako*

Kwenye laini inayoyumba, kikomo kimoja kitakukosea saa fulani. Sakinisha luci-app-sqm, programu ya kusimamia foleni, chagua aina ya foleni iitwayo cake na hati ya piece_of_cake, uweke kipimo cha usiku ukitoa asilimia 15: kwako ni kilobiti 6000. Utakuwa umejinyima asubuhi, lakini wageni wa gesti wanatumia usiku. Kwenye chaguzi za ziada andika "nat dual-dsthost ingress" upande wa kushuka na "nat dual-srchost" upande wa kupanda, ili mgawanyo uwe kwa mgeni. Bila neno nat, cake inawaona wageni wote kama mtu mmoja. Ukitaka kufaidi asubuhi pia, ipo hati ya cake-autorate inayopima pingi muda wote na kupandisha au kushusha kikomo yenyewe. Inahitaji uvumilivu kuipanga, ila kwa 4G ndiyo dawa.

Bando halitadumu kwa kupunguza kasi peke yake. Mgeni mmoja aliyefungiwa Mbps 1, akiacha video ikicheza saa 24, anakula gigabaiti 10.8. Kinacholinda bando ni vocha yenye kiasi cha data.

Nina duka la pembejeo Uyole, laini ni 20 kwa 5. Tangu nifunge kamera nne zinazorusha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, mashine za malipo zinakwama.
*Mwenye duka, Uyole*

Kamera nne za Mbps 2 ni 8, na njia yako ya kupanda ni 5. Njia ya kupanda ikijaa, ya kushuka nayo inakwama, kwa sababu kila data inayoshuka inahitaji risiti inayopanda. Picha kamili zihifadhiwe kwenye rekoda iliyopo dukani, na kwenye mtandao irushwe ile picha ndogo ya mkondo wa pili, kilobiti 300 hivi kwa kamera. Kisha mfungie rekoda kikomo cha kupanda cha 1500k.

Kama ruta yako ni MikroTik, foleni hizi husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika. Foleni ya rekoda ikikaa chini ya ile ya mtandao mzima, haitafanya lolote. Bora zaidi utengeneze foleni mama ya 4500k/17M, kisha rekoda na mashine za malipo ziwe watoto wake.

Hapa Vwawa ofisini tuna simu sita za mtandao. Nimezipa priority 1, bado sauti zinakatika.
*Karani wa TEHAMA, Vwawa*

Kipaumbele kinafanya kazi kati ya foleni ndugu zilizo chini ya mama mmoja, na mama huyo awe na Max Limit inayofikiwa kweli. Foleni ikiwa peke yake, 1 na 8 ni sawa. Simu moja ya G.711, mfumo wa kawaida wa kusimba sauti, inakula kilobiti 80 hadi 90 kila upande, sita ni 540. Zipe "Limit At", yaani kasi ya uhakika, ya 600k zote pamoja, nyingine zigawane kinachobaki, na jumla ya Limit At za watoto isizidi Max Limit ya mama. Ikizidi, ahadi yote inavunjika. Zitambue kwa alama ya umuhimu inayobandikwa kwenye paketi, DSCP 46, ambayo simu nyingi za mezani huiweka zenyewe, na ukague kama swichi yenu haiifuti njiani.

Nimelipia Mbps 10, kompyuta inaonyesha faili linashuka kwa 1.2. Nimepigwa?
*Msomaji, Mafinga*

Hujapigwa. Laini huuzwa kwa megabiti, faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. 10 gawanya kwa 8 ni 1.25.

Maabara ya shule yetu Tukuyu ina kompyuta 30 za Windows. Siku ya masasisho hakuna somo.
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, hapa acha ruta kwanza. Kwenye kila kompyuta fungua "Settings", "Windows Update", "Advanced options", "Delivery Optimization". Ruhusu kupokea kutoka kompyuta nyingine, na uchague zile za mtandao wa ndani peke yake. Sasisho likishashushwa na kompyuta moja, nyingine zinachukua vipande kwake kupitia swichi, bila kugusa laini. Kwenye "Advanced options" za ukurasa huo huo weka kikomo cha kushusha kwa Mbps. Laini ikiwa 10, weka 0.3 kwa kila kompyuta, hata zote 30 zikianza pamoja haziwezi kuvuka 9. Washa mbili tatu jioni kabla ya siku ya somo, zishushe kila kitu usiku, asubuhi ndipo uwashe zilizobaki. Kama swichi ya maabara ni ile ya zamani ya Mbps 100, bado inatosha kwa kazi hii. Kebo zilizolegea kichwani ndizo zitakazokusumbua, zikague moja moja kabla hujalaumu laini.